Lebo Niliyoisahau Kwenye Koti

Mliokuwa nami hapa gazetini juma lililopita mliniacha nimeinama chini ya meza ya pasi, nikijifanya natafuta kifungo kilichoanguka. Hakukuwa na kifungo chochote.

Kwa aliyechelewa, nimfupishie. Mimi ni yule dereva wa gari la mizigo aliyegonga nguzo ya lango la mwajiri wake mwenyewe, akafukuzwa siku hiyo hiyo, akakaa nyumbani miezi kumi na moja akiangalia dari. Aliyenitoa kwenye kochi ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Yeye ndiye mtu wa kaunta kwenye duka la dobi, mwaka wa kumi na nne sasa. Alimbembeleza bosi mpaka nikapewa kazi ya kutoa madoa, na huu ni mwaka wangu wa pili.

Basi siku moja bosi akaingia chumba cha nyuma ameshika lebo ndogo ya kitambaa. Akaisoma kwa sauti. Akauliza nani ameiandika. Hapo ndipo nilipoinama kutafuta kile kifungo.

Shemeji ndiye aliyejibu. "Lebo zote ni jukumu langu," akasema, na bosi akaondoka naye.

Lebo ile niliiandika mimi.

Sasa tuendelee, na leo sitajipaka mafuta.

Kazi ya dobi ina mambo yake. Kila nguo inayoingia inabandikwa lebo ya kitambaa kwa pini, ndani, mahali pasipoonekana. Mbele ya lebo kuna namba. Nyuma yake tunaandikiana sisi wenyewe, kwa sababu mpiga pasi aliye mwisho wa mstari hajui nilichokiona mimi niliye mwanzo. Doa la chai, usiweke moto mkali. Zipu ilikuja mbovu, tusije tukasingiziwa.

Na mteja akiwa ni wa wale wanaotaka leo kazi ya kesho, wale wanaodhani tulizaliwa ili tuwashikie nguo, tunaandika neno moja tu: Memsabu. Mama Pasi, mpiga pasi wetu, akilisoma, anajua nguo hiyo aikague mara mbili.

Neno lenyewe mnalijua. Ni la enzi za mabibi weupe na wapishi wao. Bibi yangu mzaa mama alilitamka miaka thelathini, jikoni kwa watu, macho chini: ndiyo memsabu, hapana memsabu, vikombe nimeosha memsabu. Sisi wajukuu tuliliokota tukaligeuza utani. Mteja akiingia na pua juu, awe mwanamke, awe mwanaume, awe mweupe au mweusi tii, tunaambiana Memsabu kaingia. Halina rangi lile neno. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiamini, na ningeapa.

Lebo huondolewa kabla nguo haijavishwa nailoni. Ni kazi ya Mama Pasi. Lakini koti la mteja mmoja, mwalimu wa piano, lilikuwa na doa la wino lililogoma, nikalirudia hata baada ya pasi, nikalivisha nailoni mimi mwenyewe kwa kiherehere changu. Lebo ikabaki ndani ya bitana.

Mwalimu wa piano ni mwanamke mweupe.

Jioni ya siku ile ya lebo shemeji alikuja nyumbani kwetu moja kwa moja kutoka kazini. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule, maana mwezi ujao watoto wanafungua.

"Dada, mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Kazi."

"Kazi umeianza leo?"

Shemeji akavua viatu, akakaa. Akaeleza. Mteja amekuta tusi ndani ya koti lake. Kesho saa nne anakuja ofisini. Bosi amesema asiporidhika, mtu wa kaunta akabidhi funguo.

Mke wangu akasimamisha cherehani. "Miaka kumi na minne, kwa tusi moja? Tusi gani?"

"Neno la kijinga tu."

"Nani kaliandika?"

"Bado halijajulikana hilo."

"Baba watoto, wewe si uko huko huko nyuma? Hujui?"

"Sijui," nikasema. Lilitoka haraka mpaka nikajishangaa.

Hapa lazima niwaambie kitu kuhusu hawa ndugu wawili. Mama yao ni mweusi kama mimi. Baba yao alikuwa mtu mweupe, fundi wa mitambo ya maji, alifariki mke wangu akiwa darasa la pili. Ngozi zao na nywele zao zimewapa kazi tangu utotoni. Watu wasiowajua huwaita majina barabarani. Mimi mwenyewe, mwaka tuliooana, nilimkunja shati kijana mmoja kituo cha basi kwa sababu alimwita mke wangu jina nisilotaka kuliandika gazetini. Nilijiona mwanaume kwelikweli siku ile.

Nilimsindikiza shemeji mpaka barabarani. Jua lilikuwa halijazama. Kutoka mlangoni kwetu mpaka barabarani ni hatua kama hamsini, na katika kila hatua nilikuwa na nafasi ya kusema.

"Shemeji," nikaanza.

"Kesho usiongee sana," akanikata. "Wewe ukianza kuongea hujui kufunga."

Akacheka kidogo. Nami nikacheka. Akapanda basi akaenda zake, na mimi nikarudi ndani nikala kama mtu asiye na deni la nafsi.

Asubuhi yake tukakusanyika ofisini kwa bosi. Ofisi yenyewe ni kijichumba, na nusu yake imechukuliwa na gauni la harusi ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua tangu mwaka juzi. Tunamwita bosi Kola, kwa kuwa mtu akimsalimia yeye huangalia kola ya shati kwanza kabla ya uso. Hajui kwamba tunamwita hivyo. Kwetu sisi wa nyuma hakuna asiye na jina la pili.

Mwalimu wa piano alikaa kwenye kiti pekee. Bosi alisimama, shemeji alisimama karibu na mlango, mimi na Mama Pasi tukajibana kwenye gauni la harusi. Mama Pasi mwili wake ni wa haja, na mdomo wake hauna kifuniko. Hana baya moyoni, lakini hawezi kukaa na ukweli mdomoni zaidi ya dakika mbili.

"Mama, kwa niaba ya duka tunaomba radhi sana," bosi akaanza, "na mhusika tayari..."

"Sijauliza bado," mwalimu akasema.

Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezaliwa nacho. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha, ingenirahisishia.

"Sikuja kumtoa mtu kazini. Nimezaliwa hapa hapa, nyuma ya soko. Nafundisha watoto piano, na nyumba ninayokaa nimepanga. Juzi nimevua koti mbele ya darasa, lebo ikaonekana, mwanafunzi mmoja akaisoma kwa sauti. Darasa zima likacheka. Sikuwa na la kuwajibu. Kwa hiyo nimekuja kuuliza jambo moja tu. Kuna mtu hapa nilimkosea, au ni hii ngozi?"

Bosi akatutazama. Shemeji akafungua mdomo.

Nami nikaona mlango wangu. Nikajiambia, nikilitetea neno, nitamwokoa shemeji bila kujitaja. Neno likiwa halina kosa, aliyeliandika atakuwa na kosa gani? Mnaona nilivyojipangia.

"Samahani, mwalimu," nikasema. "Si ngozi. Nakuhakikishia kabisa."

Shemeji akanitupia jicho. Nikalipuuza.

"Neno hili tunalitumia kwa mteja yeyote msumbufu. Ni kama kusema huyu anajisikia. Basi. Limetoka zamani kwa watu weupe, sawa, lakini sasa ni la kila mtu."

"Bibi zetu walilazimishwa kulitamka," Mama Pasi akaingia. "Mimi wa kwangu alipigwa kofi kwa sababu ya sahani. Na hao waliompiga hawakuitwa ofisini. Sisi tukianza leo kuuliza majina yote tuliyoitwa, ofisi hii itatutosha?"

"Haitatosha," mwalimu akasema. "Najua. Na bibi yako angekuwepo, ningekaa chini nimsikilize. Lakini aliyeandika lebo hii hakuwa anamwaza bibi yake. Alikuwa anacheka."

Ni kweli nilikuwa nacheka. Nakumbuka mpaka nilichokuwa nakula.

Nikaona hapo pananiponyoka, nikatoa silaha yangu kubwa. "Mwalimu, nikupe mfano. Kuna mwanasheria analeta suti za kijivu hapa kila wiki. Ni mweusi kunishinda mimi. Lebo zake zote zimeandikwa Memsabu."

"Tena kwa wino mzito," Mama Pasi akathibitisha.

"Mwanasheria wangu mnamwita Memsabu?" bosi akauliza.

Mwalimu akainamisha kichwa akifikiri. Niliona bega lake limeshuka kidogo, na nikajua nimemgusa. Moyoni nikajipongeza. Nikaanza hata kumwona shemeji amerudi kaunta, na mimi sijataja kitu.

"Alifanya nini huyo mwanasheria?" akauliza, na swali hilo alilielekeza kwa Mama Pasi.

"Tusimulie lipi tuache lipi," Mama Pasi akasema. "Alimrushia huyu dada suruali usoni kwa sababu mkunjo umelala upande. Alitwambia sote tunanuka sabuni ya bei rahisi. Alinipigia mluzi kama mbwa. Tulimvumilia sana yule. Mwaka mzima tulimvumilia, ndipo tukampa hilo jina."

"Mwaka mzima."

"Mwaka na kitu."

"Na mimi?"

Mama Pasi akafungua mdomo, akaufunga. Niliomba angalau mara moja maishani mwake aseme uongo.

"Wewe uliingia tu," akasema.

"Nikaingia nikafanya nini?"

"Uliingia mlangoni. Ilikuwa kabla hujafika kaunta."

Sijui niwaelezeeje. Ni kama umejenga ukuta kwa mikono yako, ukauegemea, ukaenda nao chini. Yule mwanasheria alitutukana mwaka mzima ili alipate jina ambalo huyu alipewa kwa kusukuma mlango. Na mimi nilikuwapo mara zote mbili, na sikuwahi kuona tofauti.

Mwalimu akanigeukia. "Wewe unaongea vizuri. Nisaidie. Siku ile nilisema nini?"

Nikatafuta. Nilitaka nipate hata kitu kidogo, hata sauti ya dharau, hata jicho. Nikakumbuka alisema habari za asubuhi. Aliuliza kama wino unatoka. Akasema kama hautatoka siyo neno, atalivaa hivyo hivyo. Akasema atalifuata Ijumaa.

"Hukusema kitu," nikasema.

"Asante."

Bosi alikuwa amevumilia vya kutosha. Wateja walikuwa wanagonga kaunta huko nje. "Basi, dada," akamwambia shemeji, "yaishe. Nipe funguo."

Shemeji akaanza kuzitoa kwenye kamba ya aproni. Funguo za kaunta, za stoo, za lango la nyuma. Kamba ilikuwa imekaza, na hakuna aliyemsaidia.

"Wewe?" mwalimu akamwuliza. Alikuwa anamtazama usoni, ngozi yake, nywele zake. "Wewe ndiye uliyeandika?"

"Lebo ni jukumu langu."

"Sijauliza jukumu."

"Ni mimi," nikasema.

Msinipigie makofi. Haukuwa ujasiri. Nilikuwa nimechoka kuzitazama zile funguo.

"Ni mimi niliyeandika, na ni mimi niliyesahau kuiondoa. Shemeji hajui chochote."

Bosi akanitazama kola, kisha uso. Mama Pasi akasema "mama yangu" kwa sauti ya chini. Nilitegemea shemeji ashushe pumzi, pengine alie, pengine anitukane kidogo kisha yaishe.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu jana bosi aliponionyesha. Herufi zako zimelala kama walevi. Nani mwingine ataandika hivyo?" Hakuwa anatania. "Nilinyamaza kwa ajili ya mdogo wangu. Ile miezi kumi na moja nilimwona alivyokonda. Sitaki irudi."

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Alikuwa ameamua kupoteza kazi yake ili mimi nibaki na yangu, na mimi jana nilimsindikiza barabarani nikicheka.

Pengine yangeishia hapo. Mwalimu alikuwa ameanza kusimama. Bosi alikuwa amerudisha mkono wake, funguo zimebaki kwa shemeji. Mimi ningefukuzwa, shemeji angebaki, na haki ingekuwa imetendeka. Lakini Mama Pasi akaona huruma. Alitaka kunisaidia, Mungu anamjua.

"Bosi, tusikuze mambo," akasema. "Huyu kaka hana chuki na mtu. Jamani, hata huyu dada wa kaunta tunamwita Memsabu Mdogo, na ni mtu wetu, tunampenda. Lingekuwa tusi tungemwita yeye?"

Nje mashine moja ikamaliza mzunguko wake, ikazima.

"Mnaniita nani?" shemeji akauliza.

"Si unajua, dada. Utani wetu wa huko nyuma."

"Sijui. Mimi niko mbele. Niambie nisikie vizuri. Mnaniita hivyo kwa kuwa nawatuma? Nimewahi kumtuma nani? Nimewahi kumrushia nani nguo? Suruali ya yule mwanasheria ilinigonga mimi usoni, Mama Pasi. Ulinifuta wewe."

Mama Pasi alikuwa ameanza kulia. Machozi yake huja upesi.

"Miaka kumi na minne nimefanya kazi hapa. Mliniita Dada. Ni lini nilibadilika?"

Hesabu yake haikuwa ngumu. Nilianza kazi mwaka juzi.

"Nani alilianzisha?"

Mama Pasi hakunitaja. Alinitazama tu, kisha akaangalia sakafu. Shemeji akayafuata macho yake, yakamfikisha kwangu.

Nilitaka kusema ilikuwa siku yangu ya tatu, kwamba nilitaka kukubalika na wenzangu, kwamba nilitaka wacheke. Yote ni kweli na yote hayakuwa na maana. Shemeji akafungua fundo la aproni, akaikunja mara mbili kama anavyokunja nguo za wateja, akaiweka juu ya meza ya bosi pamoja na funguo.

"Dada, sikukufukuza," bosi akasema.

"Najua. Naondoka mwenyewe."

Akapita mbele yangu bila kunigusa, na katika kijichumba kile hilo si jambo rahisi.

Mwalimu wa piano akachukua mkoba wake. Nikaanza kumwomba radhi, akainua mkono. "Mimi jibu langu nimelipata," akasema. "Radhi yako mpelekee yule."

Mnadhani nilifukuzwa? Bosi alichungulia nje, akaona foleni imefika mlangoni, akanikabidhi funguo. "Nenda kaunta kwanza. Habari yako tutaizungumza baadaye." Nikaketi kwenye stuli ya shemeji, urefu wake ukiwa umepimwa kwa miguu yake, nikafanya kazi yake siku nzima. Kila mteja wa tatu aliniuliza yule dada yuko wapi. Niliwajibu kwamba ametoka kidogo.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja. Cherehani ilikuwa imefunikwa, na mke wangu hafuniki cherehani mchana hata akiwa na homa. Alikuwa ameketi mezani na dada yake. Binti yetu alikuwa amepelekwa kwa jirani. Mbele yao kulikuwa na chai isiyoguswa.

"Kaa," mke wangu akasema.

Nikakaa. Nikatoa simu mfukoni kama kawaida, nikailaza mezani kifudifudi.

"Dada ameniambia yote. Mambo ya lebo ni ya kwako na bosi wako. Ulinidanganya jana hapa hapa, hilo tutalirudia. La kumwita yeye vile, ongea naye mwenyewe."

"Shemeji," nikasema, "naomba unisamehe. Kwa moyo wangu wote. Sikukusudia. Ulikuwa utani wa kijinga wa mtu mgeni kazini."

Shemeji aliangalia chai. "Kituo cha basi ulimkunja mtu shati," akasema. "Mdogo wangu alinisimulia mara kumi. Alikuwa anajivunia."

"Mimi nina swali langu dogo tu," mke wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile anayotumia akipima mtu kiuno. "Memsabu Mdogo. Nimekaa nalifikiria tangu saa sita. Mdogo kwa nani? Dada ananizidi miaka sita."

"Ni jina tu. Halina maana."

"Kama yeye ndiye Mdogo, Mkubwa ni nani?"

"Hakuna mkubwa, mama watoto. Nakuambia ni maneno tu."

Sasa niwaambie ambalo sijawaambia, juma lile wala leo, kwa sababu nilitumaini nitaimaliza hadithi bila kulifikia. Katika ile miezi kumi na moja mke wangu alikuwa akinipigia simu kutoka sokoni: anika zile nguo, mpokee mtoto, kaulize kazi pale ghalani wanatafuta watu. Alikuwa sahihi kila mara, na mimi nilikuwa na hasira ya mtu asiye na kazi. Siku moja nikabadilisha jina lake kwenye simu. Nilipoanza kwa dobi, simu ilikuwa ikitetemeka juu ya meza ya pasi, Mama Pasi anachungulia kioo, anasoma kwa sauti, chumba kizima kinacheka. Nami nacheka nao. Jina la shemeji lilizaliwa kutokana na hilo. Nilimwita Mdogo kwa kuwa tayari tulikuwa na mwingine.

Sikuwahi kulibadilisha. Sikuwahi hata kuona kama kuna cha kubadilisha.

Mke wangu akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake. Aliibonyeza mara moja, akaiweka sikioni, macho yake yakiwa kwangu.

Simu yangu ikaanza kuita. Ikatetemeka juu ya meza, ikasogea kidogo kidogo kuelekea upande wa shemeji. Niliinua mkono, lakini yeye alikuwa karibu zaidi. Akaichukua. Akaigeuza. Akasoma.

Nilimwona alivyoisoma. Alisoma mara mbili, kisha akamtazama mdogo wake, muda mrefu kama anampima uzito.

Akairudisha mezani kifudifudi na kuifunika kwa kiganja.

"Imeandikwa Mama Watoto," akasema.

Mke wangu hakukata simu. Iliendelea kutetemeka chini ya mkono wa dada yake.

"Basi nipe nami nisome," akasema, akanyoosha mkono.